Uzi: Kuchora katuni ya Mfalme Arthur, anza na mikono kabla ya ngome

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Nachora kitabu cha katuni kinachosimulia upya hadithi ya Mfalme Arthur wa Uingereza na mashujaa wake wa Meza ya Duara, kwa Kiswahili, kwa wasomaji wa kuanzia sekondari kwenda juu. Jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu, na kwa kuwa humu wachoraji tupo wengi, naomba niliweke mezani tulijadili.

Nimeona vijana kadhaa wakianza kazi kama hii, na karibu wote wanaanzia palepale: ngome ya mawe yenye bendera juu, mchawi mwenye ndevu ndefu, upanga unaong'aa. Kurasa tano hivi, kazi inalala. Naamini najua sababu. Ngome ukishaichora mara moja huna cha kuongeza; ile ya pili itafanana na ya kwanza. Mikono haikuishii. Na hadithi hii, ukiisoma kwa makini, inakwenda kwa mikono ya watu: nani ameshika nini, nani amekataa kuachia, nani amepiga kabla ya kuangalia.

Chukueni mfululizo huu kutoka kitabu cha Thomas Malory, mwandishi Mwingereza aliyekimaliza kati ya mwaka 1469 na 1470 akiwa kifungoni, na mchapaji William Caxton akakitoa mwaka 1485. Kijana anafika barazani kwa Arthur, hataji jina wala ukoo. Kwa kuanzia anaomba apewe chakula kwa mwaka mzima. Kay, msimamizi wa nyumba ya mfalme, anamdharau, anamtupa jikoni, na kwa kuwa kijana ana mikono mikubwa tena mizuri, anambandika jina la dhihaka la kuisifia mikono hiyo. Kumbe ni Gareth, mpwa wa mfalme mwenyewe. Akija kupewa heshima ya ushujaa anataka itoke mikononi mwa Lancelot, shujaa mkubwa wa Arthur, hamtaki mwingine, na Lancelot anampa. Miaka inapita. Malkia Guinevere, mke wa Arthur na mpenzi wa Lancelot, anahukumiwa kuchomwa moto. Lancelot anavamia kumwokoa. Gareth yupo pale kwa amri ya mfalme tu, hakutaka, na ndiyo maana amesimama bila silaha wala deraya. Katika vurugu ile Lancelot anakata kushoto na kulia bila kujua anamkata nani, na mmoja wa waliolala chini ni Gareth.

Kuanzia hapo hakuna wa kuizuia vita. Gawain, kaka yake Gareth, hasikii la mtu. Anataka damu ya Lancelot. Mfalme anaburutwa kwenda vitani Ufaransa. Mordred, mwana wa Arthur aliyeachiwa nchi, anajitangaza mfalme. Mwisho wote wanakutana kwenye uwanda karibu na Salisbury.

Sasa fikiria umeichora ile mikono ya Gareth jikoni, ukurasa mzima, ikichuna kuku au kubeba sufuria, msomaji akaizoea. Halafu kurasa mia baadaye unachora umati, farasi, vumbi, na pembeni kabisa, chini ya kwato, mkono mmoja mtupu. Huna haja ya kuandika jina. Msomaji atautambua.

Naja na suala la mavazi.

#2 Mleta uzi

Mavazi ndiyo yanayowachanganya wengi. Arthur kama aliwahi kuishi, aliishi karibu mwaka 500. Vitabu vilivyomfanya maarufu viliandikwa miaka mia sita hadi elfu baadaye, na kila mwandishi alimvika nguo za zama zake. Kwa hiyo lazima uamue, na uamuzi wenyewe ni wa mchoraji kuliko wa mwanahistoria.

Ukichora zama za Malory, karne ya 15, watu wako watavaa mabamba ya chuma mwili mzima na chapeo inayofunika uso. Inapendeza kwenye bango. Kwenye katuni inakunyima uso, na ukishakosa uso unabaki na makopo yanayozungumza. Mimi nimechagua miaka ya 1180 hadi 1200. Wakati huo shujaa alivaa deraya ya pete za chuma, kanzu ya kitambaa juu yake, na chapeo yenye kipande cha chuma kinachoshuka kukinga pua tu. Macho yanaonekana, mdomo unaonekana. Chapeo zile zinazofunika kichwa chote kama ndoo zilishika kasi baadaye kidogo, kwenye karne ya 13.

Kuna kitu kingine kwenye deraya ya zama hizo kilichonifurahisha sana. Mikono yake iliendelea hadi kufunika kiganja, kama glavu isiyogawanyika vidole ila dole gumba, na upande wa kiganja palikuwa na mpasuko ili mtu aweze kuutoa mkono wake nje. Ni zawadi kwa mchoraji! Mkono ndani ya chuma ni mkono wa vita. Mkono uliotoka nje ya mpasuko, mtupu, umekuja kula, kuapa, kushika mkono wa mtu au kuiba. Nimefanya hiyo kuwa kanuni ya kitabu kizima na siivunji popote.

Kuhusu kuzichora pete zenyewe: usichore kila moja, utakufa kabla ya sura ya pili. Piga vistari vidogo vilivyopinda mahali penye kivuli tu, chini ya kwapa, kwenye mikunjo ya kiwiko, pembeni ya shingo, na uache penye mwanga peupe. Jicho la msomaji litamalizia. Muhimu ni uzito. Deraya inaning'inia, inavuta mabega chini, inakusanyika kiunoni panapofungwa mkanda. Ukiichora imekaza kama sweta, mchoro wote umeharibika.

#3 Mchangiaji

Mkuu, nondo hizi. Mimi Arthur namjua kwa sinema tu. Swali langu: ule upanga alioung'oa kwenye jiwe ndio Excalibur? Maana kila mahali naona hivyo.

#4 Mleta uzi

Karibu mkuu. Kwenye hadithi ya Malory panga ni mbili. Ule wa kwenye jiwe ndio unaothibitisha kuwa kijana ni mfalme, lakini unavunjika anapopigana na Mfalme Pellinore. Ndipo mchawi Merlin anampeleka ziwani, na pale katikati ya maji umejitokeza mkono umevaa kitambaa cheupe cha thamani, umeshika upanga mwingine. Huo wa pili ndio uliodumu naye.

Na kwa mchoraji upanga si kitu kikubwa zaidi hapo, kikubwa ni ala yake. Merlin anamuuliza kijana anapenda kipi zaidi, upanga au ala. Arthur anasema upanga. Merlin anamwambia hajui analosema, kwa kuwa ala ile ina thamani ya panga kumi: aliyeivaa, hata akijeruhiwa vipi, hapotezi damu. Baadaye Morgan le Fay, dada yake Arthur kwa mama, anaiiba na kuitupa majini. Tangu siku hiyo mfalme anatembea na upanga bora duniani, na hana kinga yoyote.

Kwa hiyo kwenye kitabu changu, nusu ya kwanza ala inaonekana kila mara Arthur anapokuwepo, hata kama ni ncha tu pembeni mwa fremu. Nusu ya pili pale kiunoni pana ala ya ngozi ya kawaida. Hakuna mhusika anayelitaja. Msomaji makini ataligundua mwenyewe, na atakayelikosa hatapotea njia.

#5 Mchangiaji

Ndugu mleta uzi, nakuheshimu, ila niseme lililo moyoni. Sisi tuna Fumo Liongo. Shujaa wa pwani yetu, mtunzi wa mashairi, mpiga upinde. Kwa nini kijana mwenye kipaji kama chako unapoteza wino kwa wafalme wa Uingereza?

#6 Mleta uzi

Mzee wangu, swali lako ni la haki na nimekaa nalo sana. Liongo simdharau hata kidogo. Kisa chake cha gerezani, mama anapompelekea tupa ndani ya mkate, naye anaikata minyororo huku ngoma na nyimbo vikifunika sauti ya chuma, ni kurasa kumi za katuni zinazosubiri mtu. Na kifo chake kinakaribiana mno na cha Arthur. Liongo anauawa kwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe, na wengine husimulia kuwa ni mpwa wake. Arthur anauawa na Mordred ambaye ni mwanawe na mpwa wake kwa pamoja, maana alimzaa na dada yake wa mama mmoja bila kumjua. Liongo anakwenda kupiga goti kisimani, mshale kwenye uta, anakufa hivyohivyo, na watu wanaogopa kuteka maji siku kadhaa wakidhani yu hai. Mikono ya maiti imeuzuia mji mzima! Nikikisoma kisa hicho naona wazi kuwa waliosimulia habari hizi, wa Pate na wa Wales, walikuwa wanaogopa kitu kimoja: kuuawa na wa nyumbani mwako.

Mimi nachora Arthur kwa sababu nampenda, na kwa sababu vijana wetu wanamjua kwa sinema tu kama mkuu mchangiaji namba 3, wakati kitabuni yupo mtu mwenye makosa mazito. Huyu ndiye aliyeamuru watoto wote waliozaliwa karibu na tarehe 1 Mei watiwe kwenye chombo na kupelekwa baharini, kwa sababu Merlin alimwambia mtoto wa siku hiyo atamwangamiza. Chombo kikavunjika, watoto wakafa, Mordred akaokoka. Ukilificha hilo, Mordred anakuwa mbaya tu bila sababu. Ukilichora, mambo yanakuwa mazito kweli.

Atakayemchora Liongo mimi nitakuwa wa kwanza kununua nakala, na nikiombwa kusaidia kupiga wino nitasaidia.

#7 Mchangiaji

Kaka nimefuata kimyakimya. Nauliza kama mwanamke na kama msomaji: wanawake kwenye hadithi hii wana kazi gani zaidi ya kupendwa na kuokolewa? Maana katuni nyingi za aina hii malkia yupo dirishani tu.

#8 Mleta uzi

Dada, asante sana. Malkia wa dirishani ni uvivu wa wachoraji, kitabuni hayupo. Mordred akiwa ameteka nchi anataka kumwoa Guinevere, mke wa baba yake. Guinevere anajifanya amekubali, anaomba ruhusa aende London kununua vitu vya harusi. Akifika anaingia ngome ya Tower of London, anajaza watu wenye silaha na chakula, anafunga milango. Mordred analeta majeshi, anatumia mitambo ya kurushia mawe na mizinga mikubwa, na malkia hatoki. Anamjibu wazi kwamba heri ajiue kuliko kuolewa naye. Mimi nimempa kurasa nane hapo. Namchora akihesabu magunia ya nafaka kwa kidole, akijaribu komeo la mlango kwa mkono wake mwenyewe. Mwisho wake ni mtawa huko Amesbury, na siku Lancelot anapomfuata kule anamwambia asije tena. Lancelot anaomba busu moja la mwisho, anakataliwa.

Na Morgan le Fay, aliyewahi kutafuta kumuua kaka yake, ndiye mmoja wa malkia waliokuja na mashua kumchukua akiwa na jeraha la kichwa kwenda Avalon, mahali pa kuponyea jeraha lake. Malory haelezi amebadilikaje. Hapo mchoraji ana kazi ya kufanya kwa uso tu, bila neno.

#9 Mchangiaji

Mimi pia ni mchoraji, na kwenye mavazi nakupinga. Kama unataka ukweli, rudi mwaka 500. Warumi wameshaiacha Britania karne moja nyuma. Hakuna ngome za mawe za aina hii tunayoizungumzia. Kuna vilima vya kale vilivyozungushiwa mahandaki na boma za udongo na mbao, kama South Cadbury iliyochimbwa na wanaakiolojia mwaka 1966 hadi 1970, ambako palipatikana alama za jengo kubwa la mbao. Kuna Tintagel, ambako vimeokotwa vigae vya vyombo kutoka Mediterania vya karne ya 5 na ya 6, maana yake meli za mbali zilikuwa zinatia nanga pale. Wapanda farasi hawana vikuku vya kukanyagia. Wanakaa kwenye tandiko la Kirumi lenye pembe nne za kuwashika mapaja. Uso uko wazi, mikono iko wazi. Haya yote uliyoyataka utayapata kule, tena bila kudanganya.

#10 Mleta uzi

Mkuu, umeshusha. Nakubaliana na kila ulichosema kuhusu mwaka 500, na kama kuna mtu anataka kuchora zama hizo afuate maelezo yako neno kwa neno. Tatizo langu ni moja: watu wangu hawamo mle. Maandishi ya Kilatini ya karibu mwaka 829 yanamtaja Arthur kama kiongozi wa vita, yanaorodhesha mapigano 12, na yanasema kwenye mlima wa Badon aliwaangusha watu 960 siku moja peke yake. Hapo hakuna Lancelot. Hakuna Meza ya Duara, inayoonekana kwa mshairi Wace mwaka 1155. Lancelot mpenzi wa malkia analetwa na kisa cha Mfaransa Chrétien de Troyes kwenye miaka ya 1170, na jina la Camelot, makao ya Arthur, linatokea mara ya kwanza kwenye kisa hichohicho. Nikimvisha Lancelot nguo za mwaka 500 nitakuwa nimemvisha mtu wa karne ya 12 nguo za babu wa babu yake.

Ukitaka kwenda kule kwa moyo wote, chora kisa cha Kiwelisi cha Culhwch na Olwen. Mle Arthur anamfukuza nguruwe mwitu aitwaye Twrch Trwyth, mfalme aliyegeuzwa mnyama, kutoka Ireland kupitia Wales hadi Cornwall, kwa sababu katikati ya masikio yake kuna kitana na mkasi vinavyotakiwa kumnyoa jitu siku ya harusi. Cei, ambaye baadaye anakuwa Kay, anaweza kukaa siku tisa usiku na mchana chini ya maji bila kuvuta pumzi. Ni kazi tamu sana kwa mchoraji, na ni hadithi nyingine kabisa, ina kicheko na ukali ambao wa Malory hawana. Usizichanganye mbili hizi ndani ya kitabu kimoja.

#11 Mchangiaji

Je, kuna mweusi humo, au tunachora weupe watupu?

#12 Mleta uzi

Yupo, na si wa kubandikwa. Kuna shairi refu la Kiholanzi la karne ya 13 linaloitwa Moriaen. Shujaa wake ni kijana mweusi, na mshairi anasisitiza kuwa ni mweusi kichwa, mwili na mikono, ila meno. Mama yake ni binti wa kifalme wa nchi ya Wamoor. Baba yake ni Aglovale, mmoja wa mashujaa wa Arthur, aliyemwahidi mama ndoa, akaondoka kumtafuta Lancelot aliyekuwa amepotea, hakurudi. Mama na mtoto wakanyang'anywa urithi. Kijana amevuka nchi kumtafuta baba. Akikutana na Lancelot na Gawain njiani anapigana na Lancelot, na wote wawili wanachoka bila mshindi, mpaka Gawain anawaachanisha.

Kuna tukio moja ambalo nililichora mara tu niliposoma. Moriaen anafika pwani, anataka chombo cha kuvuka. Anavua chapeo ili aombe kwa adabu. Mabaharia wakimwona uso wanakimbia, wanadhani ametoka jehanamu. Alivua chapeo kwa heshima, na heshima hiyohiyo ndiyo inamkosesha safari. Fremu ya mwisho ni mkono wake umeshika chapeo, na ufukwe mtupu. Hatimaye anampata baba, anamrudisha kwa mama, wanaoana, mama anarudishiwa nchi yake. Sikumbuki mtoto mwingine katika visa hivi anayemaliza kazi aliyoiendea kwa ukamilifu namna hiyo.

Yupo pia Feirefiz katika kitabu cha Mjerumani Wolfram von Eschenbach cha mwanzoni mwa karne ya 13, kaka yake shujaa Parzival kwa baba, mwana wa malkia mweusi Belacane. Wolfram anamfanya awe na mabaka meupe na meusi. Huyo simchori, ngozi yake imewekwa kama kioja. Moriaen ni mtu.

#13 Mchangiaji

Mkuu, tunaomba utuoneshe jinsi unavyopanga ukurasa mmoja. Maneno matamu, lakini tunataka kuona kazi yenyewe.

#14 Mleta uzi

Haya. Nachukua upanga unavyorudishwa ziwani, kwa sababu nilianza kuchora kitabu hiki kutokea hapo, nikarudi nyuma.

Arthur ameumizwa kichwani na Mordred. Amebaki na shujaa wake Bedivere peke yake. Lucan, shujaa mwingine, amekufa akijaribu kumnyanyua mfalme. Arthur anamwambia Bedivere: chukua upanga wangu, ukautupe majini, urudi uniambie umeona nini. Bedivere anakwenda, anauona mpini umejaa vito, moyo unamshika, anauficha chini ya mti. Anarudi anasema hakuona kitu ila mawimbi na upepo. Mfalme anajua ni uongo. Anamtuma tena. Anafanya vilevile. Mara ya tatu anautupa.

Wengi wanaogopa kurudia. Wanachora safari moja, za pili wanazimaliza kwa sentensi. Mimi nimezipa safari zote ukurasa kila moja, na kurasa mbili za kwanza zina fremu sita zilezile mahali palepale: mdomo wa mfalme, mgongo wa Bedivere, mkono kwenye mpini, mizizi ya mti, mgongo tena, sasa akirudi, macho ya mfalme. Kinachobadilika ni umbali. Kwenye ukurasa wa pili kila fremu imesogea karibu kidogo, kwa hiyo mkono kwenye mpini umejaza kisanduku chote, na vito vinaonekana kimoja kimoja, na dole gumba limelala juu ya kito kama linakipapasa. Hapo msomaji anaelewa kwa nini anaiba. Mkono umetoka nje ya deraya, mtupu, kwa kanuni niliyowaambia.

Ukurasa wa tatu mpangilio unavunjika. Malory anasema Bedivere aliufunga mkanda kuzunguka mpini kabla ya kutupa. Nimelipa jambo hilo dogo fremu tatu: mkanda unafunguliwa, unazungushwa mara moja, unakazwa. Anaufunga kama anavyofungwa maiti, na vito vinafunikwa, ameshaamua. Fremu ya mwisho, upana wa ukurasa mzima, upanga uko hewani.

Sasa angalieni mahali ukurasa unapoangukia. Kitabu chetu kinasomwa kushoto kwenda kulia, kwa hiyo fremu ya upanga hewani lazima iwe mwisho wa ukurasa wa kulia, wenye namba witiri. Msomaji anageuza karatasi, na ndipo ule mkono wa majini unatokea, unaudaka, unautikisa mara tatu, unazama nao. Ukiuweka mkono huo kwenye ukurasa unaotazamana na ule wa kutupa, jicho litaudokoa kabla ya wakati, kazi yote imekwenda bure. Na kwa wanaosoma kwenye simu kwa kushusha kidole, acha nafasi tupu ndefu kati ya kutupa na kudaka, urefu wa skrini nzima au zaidi.

#15 Mchangiaji

Umenigusa mkuu. Maswali matatu ya haraka: unatumia nini kuchora, maneno unayaandikaje yakaenea, na kuhusu haki miliki huogopi?

#16 Mleta uzi

Penseli 2B kwenye karatasi ya A3, mchoro ukipunguzwa hadi A4 makosa madogo yanajificha. Wino napiga kwa nibu, meusi makubwa kwa brashi. Naskani kwa dpi 600 kwa mistari. Baada ya hapo Krita, programu ya bure, na kompyuta ya kawaida inaibeba.

Maneno naandika kwanza kabla ya kuchora, kwa penseli, ndani ya fremu. Kitenzi chetu kinabeba mengi na kinarefuka, ukiacha puto la maneno liwe la mwisho utajikuta unafunika kichwa cha mtu. Sivunji neno katikati ya puto. Mtu mmoja, puto moja, sentensi moja au mbili.

Haki miliki: Malory, Chrétien na wenzao ni wa zamani mno, hakuna wa kuwadai. Lakini tafsiri za kisasa zina wenyewe, na sinema zina wenyewe. Usinakili Merlin wa sinema fulani wala kupachika sentensi za mfasiri aliye hai. Soma, funga kitabu, simulia kwa maneno yako. Ukimaliza kazi, isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

#17 Mchangiaji

La mwisho kutoka kwangu: rangi?

#18 Mleta uzi

Nyeusi, nyeupe, na nyekundu moja tu. Mtazameni mchoraji Aubrey Beardsley alivyokichorea picha kitabu cha Malory mwaka 1893 na 1894, uone weusi mtupu unavyoweza kubeba huzuni bila kijivu hata kidogo. Nyekundu nimeitoa kwenye muswada wa Malory uliogunduliwa kwenye shule ya Winchester College mwaka 1934: mle waandishi waliandika majina ya watu kwa wino mwekundu, karibu kila jina, kitabu kizima. Nami natumia nyekundu kwa jina la mtu linapotajwa mara ya kwanza, na linapotajwa mara ya mwisho. Damu naichora nyeusi.

Wiki hii nipo kwenye ukurasa wa nyoka. Majeshi mawili yamesimama, Arthur na Mordred wanakaribia kupatana, kila upande umeonywa ukiona upanga umechomolewa uanze vita. Nyoka anatoka kwenye kichaka, anamuuma askari mguuni, askari anachomoa upanga amuue nyoka. Basi. Fremu sita, hakuna neno. Kinachonisumbua ni ile ya nne, mkono wa askari: lazima uonekane unafanya jambo la kawaida kabisa ambalo yeyote kati yetu angefanya, na wakati huohuo lazima uonekane kutoka mbali, kwa macho ya watu elfu nyingi, kama ishara ya vita. Nimejaribu kuuchora kutokea chini, kwenye usawa wa nyoka, ukawa mkali mno. Sasa naujaribu kutokea nyuma ya bega lake, ili tuone upanga na jeshi la pili kwa pamoja. Nitaiweka hapa michoro yote miwili ya penseli kabla sijapiga wino, mnambie upi unasomeka.